Siku Tisini za Mguu wa Kushoto

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si kwa woga, jamani. Sheria yetu inasema jina la nchi litajwe mtu akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, na mimi naandika nimekaa. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina milima miwili, mto mmoja, na serikali.

Mimi ni Karani wa Vipimo katika Wizara ya Afya. Napima uzito wa wagonjwa, urefu wa foleni na, inapobidi, kina cha makaburi. Mke wangu Mwajabu ni fundi cherehani. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na Mwajabu hukanyagia mguu wa kushoto. Wa kulia huuweka pembeni kama mgeni. Nautaja mguu huo mapema kwa sababu yote yaliyofuata yaliishia hapo.

Mjini kwetu mtu akivunjika alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa hospitali, kwa Daktari Ambakisye, kijana mrefu aliyesomea ng'ambo na ambaye hakukuruhusu usahau kwamba alisomea ng'ambo. Ya pili ilikuwa kwa Bibi Sihaba, muunga mifupa, kikongwe mwenye mdomo mchafu na vidole vinavyosikia mfupa ndani ya nyama. Hawa wawili walidharauliana kwa moyo mmoja. Lakini Bibi Sihaba hakugusa mguu wa mtu kabla hajaletewa picha ya eksirei kutoka kwa Daktari. Aliishika juu chini, ila aliidai. Na Daktari akiona mgonjwa anatetemeka kwa kuogopa kukatwa, alimwandikia kikaratasi: "Nenda kwa yule mchawi, mwambie nimekutuma mimi." Watu wakapona, wachache wakachechemea, maisha yakaenda. Hatukujua kama huo ulikuwa mgogoro wa kitaifa mpaka Wizara ilipotueleza.

* * *

Ilianza na waraka. Wizara iliagiza kila duka la dawa nchini lipange vidonge na mizizi kwenye rafu moja, bega kwa bega, kwa heshima sawa. Wenye vidonge wakasema haiwezekani dawa iliyopimwa ikae na dawa isiyopimwa. Wenye mizizi wakasema haiwezekani dawa ya mababu ikae na vumbi la kiwandani. Jambo likapelekwa bungeni kujadiliwa.

Sasa, kwetu mjadala hauhesabiwi kuwa mjadala mpaka mtu atoke damu. Ni desturi ya tangu na tangu, na imo kwenye kanuni za Bunge. Kwa hiyo wabunge wa mizizi walikuja na michi ya vinu, wabunge wa vidonge wakaja na zile nguzo za chuma za kutundikia dripu. Spika akasoma dua, akasema, "Waheshimiwa, karibuni tujadiliane," kisha akaingia chini ya meza.

Walijadiliana saa mbili na nusu. Meno kumi na moja yalifagiliwa. Mbunge wa vidonge aling'atwa sikio likatoka lote, likaokotwa zima na safi. Hapo ukazuka mjadala mdogo ndani ya mjadala mkubwa: lile sikio lishonwe, au lipakwe majani na kufungwa kwa kitambaa chekundu? Walikuwa bado wanavunjana mbavu juu ya hilo paka wa Bunge alipopita akalichukua. Taarifa rasmi ilisema suala la sikio limeahirishwa.

Mtaani nako hatukubaki nyuma. Duka la dawa la karibu na stendi lilichomwa moto asubuhi na kundi la mizizi kwa kuuza vidonge. Mchana kundi la vidonge likafika kulichoma kwa kuuza mizizi. Walikuta majivu, lakini walisisitiza haki yao, wakamwaga mafuta ya taa juu ya majivu na kuyachoma upya. Mwenye duka alipouliza sasa achague upande gani, alipigwa na pande zote mbili, na hiyo ikawa mara ya kwanza tangu waraka utoke watu kushirikiana.

* * *

Ndipo Waziri wa Afya, Mheshimiwa Profesa Bakule, alipotuita uwanja wa mpira. Profesa Bakule ni mtu mnene, mpole wa sauti, ambaye hajawahi kumkatiza mtu maneno. Husubiri umalize kisha huandika jina lako.

"Ndugu wananchi," akasema, "Serikali yenu haina upande. Serikali yenu ina kipimo. Wasomi wa dunia wanasema dawa haijulikani kwa kelele, hujulikana kwa majaribio. Chukua watu wenye ugonjwa mmoja, uwagawe. Hawa wape dawa hii, hawa wape ile, uone nani kapona. Je, hilo si la haki?"

"La haki!" tukasema. Mgambo walikuwa wametuzunguka, lakini hata bila wao tungesema. Lilikuwa la haki.

"Tatizo ni ugonjwa mmoja. Homa ya huyu si homa ya yule. Lakini mguu uliovunjika, ndugu zangu, ni mguu uliovunjika. Basi Serikali yenu, kwa gharama zake, itawavunja wananchi sitini. Mguu mmoja, wa kushoto. Mahali pamoja, vidole vinne chini ya goti. Rungu moja. Ishirini watatibiwa na Daktari, ishirini watatibiwa na Bibi Sihaba, na ishirini, kama sayansi inavyodai, hawatatibiwa na mtu yeyote. Siku ya tisini tutahesabu wanaotembea."

Watu walipiga makofi. Lazima niseme kweli, na mimi nilipiga. Ulikuwa mpango uliopangika, na karani hupenda kitu kilichopangika.

Mwajabu hakupiga makofi. Alinyoosha mkono, nami nikajaribu kuushusha, nikachelewa.

"Mheshimiwa," akasema, "hao wa kundi la tatu. Na wasipopona?"

Profesa Bakule akatabasamu kwa upole.

"Swali zuri sana, mama. Jina lako nani?"

* * *

Kwetu kujitolea huletwa nyumbani na mgambo. Barua ya Mwajabu ilifika siku ya pili: Mwajabu binti Mfaume, fundi, kundi la tatu, namba mbili, aje na kikombe chake.

Alikuwa anashona sare za shule. Aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukichezacheza, ikakaa vizuri.

"Baba Tausi," akasema, "wewe ndiye utapima?"

"Ndiyo. Nimeteuliwa Karani wa Rungu. Nalipima uzito kabla ya kila kundi, na nalisafisha baada ya kila kundi."

"Basi lipime vizuri," akasema, akaendelea kukanyaga.

Nilitoka uani nikakaa nyuma ya banda la kuku. Nililia, sioni haya kusema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Kwetu wahenga wangeshangaa, maana sisi tulivunjwa kwa kusikia. Nilipomaliza kulia nikachukua panga, nikaenda kukata tawi la msufi.

Msufi ni mti mwepesi, mnaujua. Kigogo chake mtoto hukibeba. Nilichonga siku sita, nikafuata urefu na unene wa rungu la Taifa, ambalo lilikuwa la mpingo mweusi, kilo tatu na robo. Kisha nikalipaka la kwangu rangi nyeusi ya viatu, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikalisugua kwa soksi mpaka likang'aa kisayansi.

Wakati huo Wizara ilikuwa ikifanya mazoezi. Mvunjaji aliteuliwa Sajini Ngalula wa jela kuu, mtu mwaminifu, bega lake moja limemzidi jingine kwa kazi. Kanuni za jaribio zilisema mpigaji asijue anampiga nani, ili asipendelee. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ikaandikwa: kila rungu linapoinuliwa, Sajini afunge kitambaa machoni. Na kanuni ya pili: jina la anayepiga lisiandikwe popote, wala asiulizwe. Siku ya mazoezi Naibu Waziri alisogea karibu aone kama kitambaa kinabana. Kilikuwa kinabana. Alivunjika mfupa wa bega, akapelekwa ng'ambo kwa ndege jioni ile ile ili asije akaharibu hesabu ya jaribio.

* * *

Siku ya siku ilikuwa Jumamosi. Bendi ya jeshi ilipiga nyimbo tatu. Wananchi sitini walikalishwa kwenye benchi, suruali na sketi zimepandishwa, chokaa imechorwa vidole vinne chini ya goti. Nilichora mwenyewe, na futi mkononi.

Nililipima rungu la mpingo mbele ya Waziri. "Kilo tatu na robo," nikasoma. Sajini akafunga kitambaa. Nikamwelekeza bega, akapiga.

Sitaki kuwadanganya kwamba lilikuwa jambo la kuchekesha. Mfupa ukivunjika hutoa sauti ya kuni kavu, halafu kuna kimya kifupi, mtu anautazama mguu wake kana kwamba ni wa mwingine, halafu ndipo anapolia. Nilisikia hayo mara arobaini. Mwalimu wa darasa la nne, namba saba kundi la kwanza, mfupa ulitoka nje ya ngozi ukiwa mweupe kabisa, naye akaniangalia akasema, "Karani, wewe si ulikuwa jirani yetu?" Niliandika: namba saba, umevunjika. Bendi ikaendelea. Kila pigo likipita, kundi la vidonge na kundi la mizizi walishangilia kwa zamu, maana kila kundi lilikuwa na watu wake wa kutibu.

Baada ya kundi la pili nilipewa rungu nikalisafishe damu. Nililipeleka nyuma ya chumba cha wachezaji, nikalificha ndani ya gunia la chokaa, nikachukua la msufi. Nikaliweka kwenye mizani, mkono wangu ukiikandamiza kidogo.

"Kilo tatu na robo," nikasoma kwa sauti.

Wa kwanza kundi la tatu alikuwa muuza nyama, mtu mkubwa. Sajini alipiga, rungu likasema *pu*, muuza nyama akafumbua macho akaanza, "Ah, mbona hii hai..." Mwajabu, aliyekaa naye bega kwa bega, akamfinya paja kwa kucha za fundi cherehani. Yowe alilotoa yule bwana lilisimamisha bendi. Wengine kumi na wanane wakaelewa somo. Sijasikia kilio kizuri kama cha kundi la tatu. Walijigaragaza, walizimia, mmoja alimwita marehemu mama yake kwa majina yote matatu. Rangi ya viatu ilibaki kwenye miguu yao, na wapimaji wakaandika: damu imevilia, nyeusi sana.

Sajini alivua kitambaa akalitazama rungu.

"Karani, rungu hili limechoka."

"Limechoka, Sajini. Limefanya kazi tangu asubuhi."

"Hata mimi," akasema, akaenda kunywa chai. Mimi nikaliosha kwenye ndoo karibu na jukwaa, nikalificha, kisha nikalirudisha la mpingo mahali pake.

* * *

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimeokoa mguu wa mke wangu na miguu mingine kumi na tisa kama nyongeza, na nililala usingizi wa mtu mwema. Akili ya karani huishia mwisho wa ukurasa.

Daktari Ambakisye aliwafunga watu wake plasta, ile tunayoiita hogo. Bibi Sihaba aliwafunga watu wake kwa gango, yaani vijiti vya mianzi vya kushikilia mfupa, na majani. Wote wawili walifanya kazi nzuri, nami nilikaa pale kila siku nikiandika kila kitu. Siku ya thelathini kundi la vidonge, likisikia kwamba watu wa Bibi wanaanza kukanyaga, liliingia uani kwake na nyundo likavunja upya miguu ishirini. Siku ya thelathini na moja kundi la mizizi liliingia wodini na mashoka, likapasua mahogo yote, na miguu ndani yake. Walirudiana hivyo siku ya hamsini, na ya sabini. Mwalimu wa darasa la nne alivunjwa mara nne, na mara ya nne hakulia tena kwa sababu alikuwa amekufa.

Kundi la tatu hakuna aliyekwenda kulivamia, maana halikuwa na mwenyewe. Mwajabu alichechemea mbele za watu na kushona akiwa amefunga mlango.

Siku ya tisini tulirudi uwanjani. Kundi la Daktari, waliotembea: wanne. Kundi la Bibi Sihaba, waliotembea: wanne. Kisha wakaitwa kundi la tatu, nao, Mungu wangu, hawakuwa wameambiwa waigize kuchechemea mpaka lini. Waliingia ishirini wote wakitembea kwa miguu yao. Muuza nyama, kwa furaha ya kuachiliwa, alikimbia mzunguko mzima.

Profesa Bakule alitokwa machozi. Ilibidi ashikiliwe.

"Ndugu wananchi, mjadala umekwisha! Wenye vidonge wamedanganya. Wenye mizizi wamedanganya. Sayansi imesema: anayepona ni yule asiyeguswa! Tangu leo tiba ya Taifa ni Subira. Hospitali zifungwe. Waganga wafungwe. Ni kosa kumgusa aliyevunjika kabla ya siku tisini, iwe kwa plasta, kwa mizizi au kwa mkono mtupu, na mwananchi anayemkuta mgonjwa atasogea nyuma hatua kumi ili asimzuie kupona. Karani, saini matokeo."

Nikasaini. Rungu la msufi lilikuwa darini kwangu, na ningesema nini?

* * *

Wiki ya kwanza mtaani kwetu walikufa watu kumi na wawili. Taarifa ilisema walikosa subira. Mama Rehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikufa na mtoto tumboni, mkunga amesimama hatua kumi, mgambo wawili wamemshika mikono. Mume wake alinifuata akanipa mkono wa pole kwa kazi ngumu ya kuhesabu. Sikuweza kumtazama. Mimi niliua yule mama. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu kila kitu kingine nimeshakiandika kwa lugha ya Wizara na hakikunisaidia.

Daktari na Bibi Sihaba walikamatwa kwa kosa la kuchelewesha uponaji, wakatiwa chumba kimoja jela kuu. Kisha ikaja siku ya kuvunja hospitali. Kundi la vidonge na kundi la mizizi, ambao sasa walikuwa kundi moja la Subira, walirusha vitu kutoka ghorofa ya juu: vitanda, mitungi, wagonjwa wawili. Mwajabu alikuwa chini akiokota bandeji na kuzitia kwenye kikapu. Kabati la dawa lilimwangukia mguu.

Wa kushoto. Vidole vinne chini ya goti, sikuhitaji futi.

Nilifika nikamkuta amezungukwa na duara la watu, hatua kumi, wote wakitabasamu.

"Mama wewe tena!" mgambo akamwambia. "Una bahati. Wewe umeshazoea."

* * *

Nilikwenda kwa Profesa Bakule na rungu la msufi mkononi. Nilipiga magoti, nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akalipokea rungu, akalirusharusha juu kama mtu anayejaribu embe.

"Karani," akasema, "watu walilia?"

"Walilia, Mheshimiwa."

"Uliandika kilo tatu na robo?"

"Niliandika."

"Basi hizo ndizo kilo zake. Unadhani sikuona lilivyoelea ulipoliosha kwenye ndoo? Ungeniletea matokeo mengine ningekuwa na hospitali mia za kuhudumia na waganga elfu wa kuwabembeleza. Nenda nyumbani. Huyo mkeo ndiye ushahidi wetu. Ushahidi hautibiwi. Ukitibiwa unakuwa kitu kingine."

Alinirudishia rungu. Alikuwa mpole hata siku hiyo.

Nikaenda jela kuu. Karani mwenye karatasi huingia popote, na Sajini Ngalula hakuniuliza kitu. Alifunga kitambaa chake machoni akageukia ukutani. Daktari na Bibi Sihaba walikuwa wamekaa pembe mbili za chumba, ndoo ya haja katikati.

"Mke wangu kavunjika chini ya goti," nikasema. "Nifanyeje?"

"Kwanza uvute mguu, taratibu, ukiwa umenyooka," akasema Daktari.

"Huyu mtoto hajui kitu," akasema Bibi Sihaba. "Kwanza uvute. Uvute mpaka usikie mfupa umerudi kwao."

"Si ndicho nilichosema, bibi?"

"Wewe umesema taratibu."

"Ulitaka avute kwa pupa?"

"Nilitaka avute kwa akili, kitu ambacho huko ng'ambo kwenu naona kiliadimika. Halafu afunge gango mbili za mianzi."

"Mianzi! Afunge kitu kigumu pande zote, kisichocheza, juu na chini ya mvunjiko!"

"Na gango ni nini, we mwana mjinga, uji?"

Daktari akasema neno juu ya mababu wa Bibi Sihaba ambalo siwezi kuliandika. Bibi Sihaba akamrukia akamng'ata kiganja, Daktari akamvika ndoo kichwani, na askari wakaingia wakawapiga wote wawili bila ubaguzi. Nilitoka nikiwa na nilichokifuata. Walikuwa wamekubaliana kila kitu, na hakuna hata mmoja aliyegundua.

* * *

Mwajabu alikuwa sakafuni, jasho limemlowesha, mguu umevimba na kupinda pale ambapo mguu haupaswi kupinda.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nivute."

"Nani kasema?"

"Wote."

Akacheka kidogo, akauma utepe wake wa kupimia. "Basi vuta, Baba Tausi. Ulishaona ya watu arobaini. Usinionee huruma, utaniua."

Nililipasua rungu la msufi katikati kwa panga. Ndani lilikuwa jeupe na laini. Nikashika kisigino na unyayo, nikaweka mguu wangu kwenye kizingiti cha mlango, nikavuta. Alipiga yowe ambalo silifananishi na lile la uwanjani. Nilivuta huku nalia, nikasikia kwenye mikono yangu mfupa ukisugua mfupa, ukikwama, ukisugua tena, kisha ukaingia kwao. Alikuwa amezimia. Nikaweka nusu ya rungu kulia na nusu kushoto, nikafunga kwa vitambaa vya sare za shule kuanzia juu ya goti mpaka kwenye kifundo, nikamfunika kitenge juu.

Jirani wakapita kuchungulia, hatua kumi.

"Anasubiri?" wakauliza.

"Anasubiri," nikawajibu.

* * *

Siku ya tisini Wizara ilituma gari. Mwajabu alikuwa anatembea. Mguu ulifupika kidogo, kiasi cha upana wa kidole, lakini ulikanyaga. Redio ilikuwa imetangaza wiki nzima: mwananchi aliyepona mara mbili bila kuguswa, atavishwa Nishani ya Subira, Daraja la Kwanza.

Uwanja ulijaa. Siku hizi watu wanaojaza uwanja wamepungua, lakini waliobaki walikuja. Profesa Bakule alisimama jukwaani, nyuma yake Sajini Ngalula amebeba rungu la mpingo juu ya mto wa hariri. Mimi nilikuwa na daftari langu. Waziri aliongea saa nzima, akamvisha mke wangu nishani, akamsogezea kipaza sauti.

"Mama, liambie Taifa neno moja."

"Nina swali tu, Mheshimiwa," akasema Mwajabu. "Lile lile la siku ile."

"Swali zuri sana, ma..."

Mwajabu akanyoosha mkono akalichukua rungu kwenye mto. Sajini Ngalula alipoona rungu limeinuliwa, akafanya kama kanuni ya kwanza inavyomtaka: akatoa kitambaa mfukoni akajifunga macho, akakaza fundo. Askari wengine walimtazama yeye, wakageukia ukutani. Na mkono wa mke wangu, mjue, ni mkono uliobeba majora ya vitambaa miaka ishirini.

Ilikuwa sauti ya kuni kavu.

"Namba moja," nikasema, kwa mazoea, nikaandika. "Mguu wa kushoto. Vidole vinne chini ya goti. Umevunjika." Jina la aliyepiga sikuliandika. Kanuni ya pili inakataza.

Profesa Bakule aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mwingine. Halafu akaanza kulia. Akaita gari, akaita ndege, akamwita Naibu wake aliyeko ng'ambo. Wananchi walimwonea huruma sana. Lakini sisi ni watu wa sheria. Tulisogea nyuma, uwanja mzima, hatua kumi zilizohesabika, tukakaa chini kusubiri.

Kuna mtu amemwekea mwavuli wa jua. Sasa tunajadiliana kama mwavuli ni tiba au si tiba, na wawili wameshatoka damu. Mwajabu amerudi kwenye cherehani yake, nasikia anakanyaga. Leo ni siku ya nne. Mheshimiwa bado anamwita Daktari Ambakisye, na akichoka kumwita Daktari, anamwita Bibi Sihaba.